Sanduku la Maneno: Kutu Inaota, Inashika, Inakula

Toleo lililopita tulitaja kutu kwa mstari mmoja tu, kweny yale majina ya vifaa vya fundi, basi simu na meseji hazikukata, mafundi wa Mbagala, wamama wa Kunduchi, wanafunzi wa kompyuta, kila mtu ana swali la kutu. Kwa hiyo safari hii sanduku zima ni lake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kifupi, inategemea na swali lenyewe.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi na shemeji yangu tunabishana hapa nyumbani, yeye anasema kutu ni neno la Kiarabu kama msumari, mi nasema ni letu. Nani yuko sahihi? Na Waingereza kwa nini wanaiita "rust"? – Msomaji, Tabata

Nzuri ndugu yangu. Shemeji kaanza vizuri, msumari kweli ni Kiarabu, wenyewe wanasema mismar. Tena ukifungua boksi la fundi yeyote hapa mjini unakuta mataifa mengi yamelala pamoja: parafujo tumeichukua kwa Wareno, spana kwa Waingereza, na karakana anayofanyia kazi ni neno la Kiajemi. Ila kutu haimo kweny hilo kundi. Mwarabu kutu anaiita sadaa, Mwajemi anaiita zang na Mhindi ana jang inayotokana na hiyo hiyo, Mreno anasema ferrugem, yani kitu cha chuma, maana chuma kwao ni ferro. Sikiliza hayo maneno yote, hakuna hata moja linalokaribiana na kutu. Wote hao wamepita mwambao huu kwa karne na karne, wametuachia maneno chungu nzima, lakini hili hawakutuletea wao.

Na ukifikiria, kwa nini tungengoja meli ituletee? Kagera pale, sehemu kama Katuruka, watu walikuwa wanayeyusha chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Anayefua majembe anaijua kutu tangu siku ya kwanza jembe lilipolala nje kweny umande. Chuma ni neno letu, nyundo ni letu, na kutu nayo iko na ndugu zake hao.

Waingereza sasa. Hilo "rust" lao ni la zamani sana, Wajerumani wana Rost, Waholanzi wana roest, wote shina moja, na shina lenyewe ni ukoo wa neno lao la wekundu. Yani waliangalia rangi wakaita kwa rangi. Warumi nao hivo hivo, kutu kwao ilikuwa robigo, na robigo ni ndugu wa ruber, nyekundu.

Sisi jina letu halisemi rangi, utamu wake uko kweny vitendo vinavyoambatana nalo, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mswahili haishii kusema chuma "kimefanya" kutu. Anasema kimeota kutu, kama vile ni mmea. Kimeshika kutu. Kimeingia kutu. Kimeliwa na kutu. Na mwisho kabisa anasema kimeoza, mabati yameoza, bodi la gari limeoza, chuma kinaoza kama papai! Na haya si maneno ya kubadilishana ovyo. Nenda kamtazame fundi bodi akipokea gari la mtumba. Anapiga magoti, anachukua bisibisi, anaigeuza, anagonga kwa mpini taratibu chini ya milango, kok kok kok, palipo na bati zima panalia, palipoliwa panajibu kwa sauti nzito iliyokufa, kisha anageuza ile ncha na kuisukuma na inazama ndani. Hapo ndo anakuambia "bosi, huku imeshika tu, ntapiga msasa, ila huku imeliwa, lazima nikate nichomelee bati jipya." Kushika na kuliwa ni bei mbili tofauti kabisa. Ukimsikia fundi anasema "imeshika" halafu analipisha ya "imeliwa," muulize.

Kwa hiyo nikisikia vijana wanasema gari lina "rasti" inaniuma kidogo. Neno tunalo, na lina vitendo vitano vya kulielezea, rasti haina hata kimoja.

SWALI: Bwana asifiwe mwalimu. Mi ni fundi ujenzi. Kanisani tunasoma "nondo na kutu viharibupo", Mathayo 6:19. Kuna mwenzetu anasema hizo ni nondo za zege, ndo maana zimetajwa na kutu. Ni kweli? Na nondo zikishika kutu kabla hujamwaga zege, zinafaa? – Fundi, Mbagala

Amina fundi. Namwelewa mwenzio, maana mtu anayekunja nondo kutwa nzima akisikia nondo na kutu kweny sentensi moja akili inaenda saiti moja kwa moja. Lakini hapana, nondo wa Mathayo ni mdudu, yule anayekula nguo kabatini. Hazina za wakati ule zilikuwa ni pamoja na nguo za thamani, mdudu anakula nguo na kutu inakula madini. Nondo za ujenzi ni neno lingine linalotamkwa sawasawa.

Na kitu kingine kizuri, kweny Kigiriki cha mstari huo neno lililowekwa kutu ni brosis, ambalo maana yake ya kawaida ni ulaji, kitendo cha kula. Unaona? Wametumia kula, kama sisi tunavyosema imeliwa. Kweny waraka wa Yakobo 5:3, pale anaposema dhahabu na fedha zenu zimeingia kutu, neno la Kigiriki ni tofauti, ni ios, ambalo pia ni sumu. Dhahabu safi haiingii kutu, kila sonara wa Kariakoo anajua, kwa hiyo Yakobo anapiga kwa nguvu makusudi, mali ambayo haioti kutu yeye anasema imeota.

Haya, swali lako la pili, na hili ni zito kuliko la kwanza. Nondo ikiwa na kutu nyepesi ya juu juu, ile ya rangi ya machungwa ambayo ukipitisha kiganja inabaki vumbi kidogo, haina shida, zege litaishika vizuri tu. Ikiwa imefika kuachia maganda, magamba yanayodondoka, piga brashi ya waya mpaka yaishe, na ukiona nondo imepungua unene usiitumie kweny nguzo wala slabu.

Ila hatari kubwa haiko kweny kutu ya kabla, iko kweny kutu ya baada ya kumwaga. Simenti ni kali, ina alkali nyingi, na ukali huo unaivisha nondo kaganda kembamba kasikoonekana kanakoizuia isishike kutu. Chumvi ndo inakuja kuvunja hako kaganda. Sasa mtu anajenga Kigamboni au Mbezi Beach anachota mchanga wa baharini kwa sababu ni wa bure, anachanganya na maji ya kisima cha chumvi, tayari amemfungia adui ndani ya nyumba, kikulacho ki nguoni mwako. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na kuendelea, kwa hiyo ikiota ndani ya zege haina pa kwenda, inasukuma, zege linapasuka kufuata mstari wa nondo, vipande vinadondoka, na ukipita chini ya balkoni za ghorofa za zamani upande wa baharini unaziona nondo zimetoka nje, nyekundu.

Tumia mchanga wa mto au wa machimbo, maji baridi yasiyo na chumvi, na nondo isikae karibu na uso wa zege. Karibu na bahari wape sentimita 4 mpaka 5 za zege kufunika nondo, weka vile vipande vidogo vya zege chini yake ili nondo zisilale kweny mbao. Mwenye nyumba akilalamika simenti inaisha, mweleze haya haya.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakaa Kunduchi, geti langu nimepaka rangi mara nyingi lakini chini linaoza tu, na mabati ya jikoni la nje yameanza kutu wakati ya dada yangu Kimara ya umri ule ule yako safi. Tatizo ni rangi feki? – Mama Kunduchi

Marahaba mama. Rangi inaweza kuwa na lawama lakini mkosaji wa kwanza ni ule upepo mtamu mnaotupa sisi wa Kimara wivu. Chuma ili kishike kutu kinahitaji vitu viwili, maji na hewa ya oksijeni, vyote viwepo kwa pamoja. Chumvi yenyewe haigeuki kutu, kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme kirahisi, na kutu ndani yake ni mwendo wa umeme mdogo mdogo, sehemu moja ya chuma inatoa, nyingine inapokea. Upepo wa bahari unaleta chumvi kila siku, na chumvi nayo inavuta unyevu, kwa hiyo geti lako halikauki kabisa hata siku ya jua kali.

Geti kuoza chini kuna sababu. Ni la skwea paipu, sivyo? Maji yanaingia juu pale ambapo fundi hakuziba vizuri, yanateremka ndani ya paipu, yanatulia chini, na geti linaliwa kutokea ndani wakati nje unapaka rangi mpya. Mwambie fundi azibe ncha zote za juu kwa kuchomelea, na chini atoboe tundu dogo maji yatoke. Kabla ya rangi lisafishwe kwa maji baridi kutoa chumvi, likauke, lipigwe msasa mpaka chuma kiwe cheupe, ndo praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndo rangi. Ukipaka rangi juu ya kutu umeifunika tu, inaendelea kula.

Mabati ni habari nyingine. Bati ni chuma kilichovishwa zinki, na zinki inajitoa muhanga, inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone, hata ukilikwaruza kidogo zinki ya pembeni inalinda. Lakini zinki ikiisha imeisha, na kweny chumvi inaisha haraka. Ukienda dukani usiangalie msauzi au migongo midogo tu, uliza geji, ile namba ya unene wa bati, na kumbuka geji namba ikiwa kubwa bati ndo jembamba, 32 ni jembamba kuliko 30 na 30 kuliko 28, wauzaji wengine hawakuelezi. Uliza na unene wa zinki. Na yakishafika nyumbani usiyarundike nje yakanyeshewa yakiwa yamebanana, yatatoka unga mweupe, hiyo ni kutu ya zinki, kutu nyeupe, na ni zinki yako inayoondoka kabla hata hujapanda juu ya paa.

SWALI: Mambo vipi mwalimu. Mi nasoma kompyuta hapa Kijitonyama, tunajifunza lugha ya programu inaitwa Rust. Kwa nini mtu aipe lugha jina la kutu, kitu kinachoharibu? – Mwanachuo

Poa kijana. Hiyo kutu siyo ya chuma! Lugha hiyo aliianzisha Graydon Hoare mwaka 2006 akiwa anafanya kazi Mozilla, wale watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, toleo lake la 1.0 likatoka Mei 2015, na mwenyewe alieleza kwamba jina amelitoa kwa fangasi, wale fangasi wa mimea wanaoitwa kutu. Aliwapenda kwa sababu wana njia nyingi kupita kiasi za kuendelea kuishi, na lugha yake nayo aliitaka iwe ngumu kufa, isiyoangusha programu ovyo kwa makosa ya kumbukumbu za kompyuta.

Na kutu ya mimea ni neno ambalo wakulima wetu wanalo siku zote. Kutu ya majani ya kahawa, kutu ya maharage, kutu ya ngano, kutu ya mahindi. Geuza jani la kahawa lenye ugonjwa uone upande wa chini, kuna madoa ya unga wa rangi ya machungwa, ukipitisha kidole kinatoka na rangi kana kwamba umeshika msumari wa zamani. Unga huo ndo mbegu za fangasi, upepo unazibeba zinakwenda shamba la jirani. Wa kahawa anaitwa Hemileia vastatrix, alipewa jina hilo la kisayansi mwaka 1869 kutokana na kahawa iliyougua kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, na alikula mashamba ya kule mpaka wakulima wakang'oa wakapanda chai. Kwetu, taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu Kilimanjaro, imetoa aina za miche inayohimili kutu hiyo, mkulima wa Mbinga au Moshi akipanda hiyo anapunguza gharama ya kupulizia dawa. Ya ngano ni mbaya zaidi, mwaka 1998 Uganda kulionekana kutu mpya ya shina iliyoshinda kinga ya aina nyingi za ngano duniani, wakaiita Ug99.

Warumi waliiogopa kutu ya ngano mpaka wakaifanyia sikukuu, Aprili 25 kila mwaka, wanamchinjia mbwa mungu wao wa kutu ili ngano ipone. Ndo uone, unapoandika programu yako usiku unatumia jina ambalo wakulima wamelihofia tangu zamani.

SWALI: Sanamu ya Askari pale Posta imekaa juani na mvuani miaka yote, mbona haina kutu? – Mpita njia

Kwa sababu siyo ya chuma. Imezinduliwa 1927 na imesubuliwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, na hapa bati ni lile madini lenyewe, siyo la paa. Shaba inaota kutu yake, ya kijani au nyeusi, ambayo inaganda juu na kuilinda shaba ya ndani, wakati kutu ya chuma inamenyeka na kufungua chuma kipya kiliwe tena. Wanakemia wanasema kutu ni ya chuma pekee, lakini Mswahili wa pwani amesema kutu ya shaba tangu enzi na anajua kuiondoa kwa ndimu, ukwaju na jivu, mi siwezi kumnyang'anya neno lake.

SWALI: Mzee mmoja kaniambia kuna meli ilikaa chini ya maji miaka kibao na injini yake haikuliwa na kutu. Ni hadithi? – Msomaji, Buguruni

Ni kweli tupu, na ni meli yetu, MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Ziwa Tanganyika ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani walipozidiwa waliizamisha wenyewe, ila kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene kila mahali, maana walitarajia kurudi. Hawakurudi wao. Waingereza waliiinua mwaka 1924 wakakuta injini na boila bado zinafaa, mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi iliziba hewa na maji, basi, na lile ziwa halina chumvi ya bahari. Kwa hiyo fundi akikuambia upake grisi bolti kabla ya kufunga asikuudhi, siku ya kufungua utamshukuru.

SWALI: Naruhusiwa kuandika "Kiingereza changu kimeshika kutu" kweny barua ya kazi? Na Wakutu wa Morogoro je, ni watu wa kutu? – Dada, Sinza

Kusema ruksa, Kiswahili safi kabisa, kichwa kinashika kutu, miguu ya mchezaji aliyekaa benchi inaingia kutu, kitu chochote kisichotumika. Kweny barua ya kazi usiandike, siyo kwa sababu ya lugha, ni kwa sababu unaomba kazi. Wakutu ni watu na Kikutu ni lugha yao, majirani wa Waluguru, usiwaite watu wa kutu hata kwa utani.

SWALI: Mwanangu kakanyaga msumari wenye kutu. Jirani anasema kutu ndo inaleta pepopunda, nioshe tu itoke? – Mama, Yombo

Mama, usisubiri gazeti, mpeleke kituo cha afya leo. Kutu haileti pepopunda. Inaletwa na bakteria wanaokaa kweny udongo na kinyesi cha wanyama, na msumari mpya unaong'aa uliodondoka zizini unaweza kuwabeba vile vile. Msumari wa kutu umesingiziwa kwa kuwa mara nyingi umelala chini kweny uchafu, na unachoma shimo refu jembamba lisilopata hewa, na bakteria hao wanastawi pasipo na hewa. Osha kwa maji mengi na sabuni, ndiyo, lakini hiyo haitoshi. Nenda na kadi yake ya kliniki waangalie chanjo ya mwisho ilikuwa lini, wataamua kama achomwe nyingine.